Barua ya Ishirini

Kwa mujibu wa karatasi nilikufa siku ya Jumatano, na nyumbani nilifika Alhamisi ya wiki ambayo siijui. Usinihurumie bado. Ngoja nieleze kwanza, maana kila ninayemweleza hunikatiza katikati, na mimi tangu zamani sipendi kukatizwa.

Naitwa Mwinyikondo. Nilikuwa kapteni katika vita ambavyo sasa sikumbuki vilianzaje. Nakumbuka tu kulikuwa na mto, ng'ambo ya mto kulikuwa na adui, na ng'ambo ya adui nadhani kulikuwa na mto mwingine na watu wengine waliotuita sisi adui. Kabla ya kuvuka, kila ofisa aliingizwa peke yake katika chumba chenye meza, birika la chai na karatasi kumi na mbili. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa jeshi letu. Unaandika barua za nyumbani za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, bila tarehe, na ndizo zilizoitwa barua za akiba. Sajini wa posta anazifungia kabatini, na kila mwezi unapoandama anatoa moja, anaipiga muhuri, anaituma. Wakubwa walisema mtu aliyeko vitani haaminiki na kalamu, ataandika aliyoyaona. Heri aandike kabla hajaona kitu.

Mimi nikauandika mwaka mzima kwa mchana mmoja. Nikatafuna karanga, nikaandika masika. Nikamimina chai, nikaandika Ramadhani na tende ngumu tulizofuturia. Katika barua ya tano niliumwa homa, katika ya sita nikapona, alhamdulillahi. Nilimwuliza mke wangu Mwanamvua habari za jino lake, na katika barua iliyofuata nikamshukuru kwa jibu ambalo hakuwa amenipa. Binti yetu Sikudhani nilimwandikia kwamba nimemwona ndege mwenye miguu myekundu, nikamchorea pembeni. Sasa ujue, nyumbani mimi si mtu wa kuuliza jino la mtu. Nyumbani mimi ni mtu wa kuuliza kwa nini chai imepoa. Lakini yule niliyemwandika alikuwa mpole, ana subira, hapandishi sauti, anamwombea mpaka adui. Nilipomaliza nikazisoma zote kumi na mbili, na nikamwonea wivu.

Safari ya kurudi siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu yenyewe haikukaa sawa. Asubuhi nilipita kwenye mahindi yanayonifika magotini, na kabla ya adhuhuri nikiwa katika shamba lile lile watu walikuwa wanavuna. Ndevu zilinitoka, zikawa nyeupe, zikawa nyeusi tena. Nilikutana na mtu aliyevaa gwanda langu, nikampisha njia, na yeye akanipisha, tukabaki tumesimama hivyo muda mrefu kwa adabu ya kijinga, mpaka mmoja wetu akaondoka. Sina hakika kama ni mimi niliyeondoka. Miji yote niliyoipita vibao vyake vilikuwa vimepakwa lami ili adui asijue yuko wapi, na matokeo yake hata wenyewe walikuwa hawajui. Nilimwuliza mama mmoja anayechoma vitumbua, "Mama, hapa ni wapi?" Akanitazama juu hadi chini. "Wewe unataka pawe wapi?" Nikamwambia nataka pawe kwetu. Akageuza kitumbua. "Basi shuka na njia hiyo, wanaotaka kwao wote hushuka nayo."

Nyumba niliitambua kwa shangazi yangu, Bi Tatu, dada wa marehemu baba, ambaye amekaa kwenye baraza ile tangu sijazaliwa. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani, anachambua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akatoa jiwe, akalitupa. "Umekuja."

"Nimekuja."

"Umechelewa. Khitma tumeshaisoma, na arobaini imepita."

"Ya nani?"

"Yako."

Aliniambia hivyo bila chuki, kama anavyoniambia chakula kimekwisha. Nikataka kupita, nikashika mlango, akaniwekea mkono wake kifuani. Mkono wa mwanamke wa miaka themanini, mwepesi, una vumbi la mchele, na mimi niliyewahi kuamrisha watu mia mbili nikasimama.

"Mwanamvua yumo edani," akasema. "Mwanamume haingii."

"Shangazi, mimi ndiye mumewe. Eda ya nini na mimi nipo?"

"Mimi nimekuona. Sijakukataa. Lakini karatasi iko ndani, na karatasi ilifika kabla yako."

Akaingia, akatoka nayo. Fomu ya tanzia, ile yenye mstari mweusi juu. *Kwa masikitiko makubwa nakuarifu kwamba mume wako ameanguka kishujaa akilitetea taifa. Hakuteseka.* Kwenye nafasi iliyoachwa wazi, kwa mwandiko wa naibu wangu, Luteni Ndekeja, liliandikwa jina langu. Na chini kabisa, pale anapotia saini kamanda wa marehemu, palikuwa na saini yangu.

"Saini ya nani hiyo?" Bi Tatu aliuliza.

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi umeandika mwenyewe kwamba umekufa. Mwanamke afanye nini? Tulikwenda kwa mwalimu, tukamwambia mwanetu ametangaza kifo chake kwa mkono wake. Mwalimu akafungua kitabu hiki, akafungua kile, akavifunga vyote. Akasema, mwenye habari za uhakika za mtu ni mtu mwenyewe. Akae eda."

"Niliisaini kabla, shangazi."

"Kabla ya nini?"

 Yeye akarudi kwenye mchele wake, na mimi nikakaa upande wa pili wa baraza kama mgeni aliyekuja kuulizia chumba.

Hapo nikaanza kufikiri, na kufikiri si kazi ninayoipenda. Mtu ni nini? Mwili wangu ulikuwa pale, una njaa, unawashwa mgongoni. Nikasema hiyo ni hoja. Lakini mwili wangu haukuwa na muhuri, na karatasi ilikuwa nao. Mwili wangu ulikuwa umebadilika mara nyingi njiani, karatasi haikubadilika hata herufi. Watu walikuwa wameilia karatasi ile, wameisomea khitma, wametoa ubani wake, jirani wamekuja na vyombo vyao. Kwa mwili wangu huu nani aliyefanya lolote? Jeshini tulifundishwa kwamba kilichoandikwa kimetokea, na kisichoandikwa bado kinasubiri. Nilikuwa nawafundisha wengine hivyo, kwa sauti kubwa, nimeshika fimbo.

Niko hai. Nani anasema? Mwenye saini. Mwenye saini amekufa. Nani amesema? Mwenye saini. Basi aitwe aulizwe. Ameshaitwa. Yuko wapi? Barazani, anawashwa mgongoni. Mwambieni aingie. Haruhusiwi, mkewe yumo edani. Eda ya nani?

Mtu wa posta akapita katikati ya mazungumzo hayo niliyokuwa nayafanya na nafsi yangu. Alinisalimu, akampa Bi Tatu bahasha, akaenda zake. Niliijua bahasha ile. Katika jeshi letu fomu za tanzia hutoka ofisi moja na barua za akiba hutoka ofisi nyingine, na ofisi hizo mbili hazisalimiani. Barua yangu ya kumi ilikuwa imefika.

"Zinakuja bado?" nikauliza.

"Kila mwezi. Hii ya nne tangu ufe."

Akaipitisha dirishani. Ndani nikasikia miguu midogo ikikimbia, kisha sauti ya Sikudhani, ambaye nilimwacha hajui kusoma, akisoma. Alisoma kwa sauti ya wale wanaojivunia kila nukta. *Mke wangu mpenzi. Mimi ni mzima wa afya. Hapa mambo ni shwari, mchana tunacheza bao na usiku nawafikiria. Nimejifunza huku kwamba hasira ni mzigo, nami nimeutua. Nikirudi hutasikia tena sauti yangu ikigonga kuta.* Nilikuwa nayafuata maneno kwa midomo. Kila sentensi niliijua kabla haijasomwa, nikakumbuka hata karanga iliyokuwa mbovu nilipofika kwenye neno mzigo. Mtoto akacheka mahali nilipokusudia acheke. Kisha nikamsikia Mwanamvua akivuta pumzi, kilio cha mtu aliyekizoea, asiyetaka mtoto akome kusoma. Ndugu yangu, nimesikia mizinga mimi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa barua ile. Kulikuwa na mwanamume ndani ya nyumba yangu, anapendwa, na hakuwa mimi.

Sikuweza kuvumilia. Nikauendea mlango, nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Mwanamvua."

Kusoma kukakoma. Nikasikia akimtuma mtoto uani akaanike nguo ambazo najua zilikwisha kuanikwa. Mkeka ukasogea, na nikajua amekaa chini, mgongo kwenye mlango, kwa sababu mbao zilijongea kidogo upande wangu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Mumeo."

"Mume wangu amefariki, ndugu," akasema. "Tena ananiandikia. Amenitosha kwa hali zote mbili."

Nikamweleza. Nikamweleza njia, na mahindi, na vibao vya lami. Nikamtajia kovu lake la goti, na siku mama yake alipotufumania tunakula kuku aliyewekewa wageni. Alisikiliza yote. Mwishowe akasema sauti yangu anaijua, tena aliijua tangu niliposema shikamoo pale nje, hakuhitaji kuku.

"Basi nifungulie."

"Kuna jambo moja. Ulimwambia shangazi uliisaini kabla. Amekuuliza kabla ya nini, hukumjibu. Nijibu mimi."

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimekijia na bei yake. Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimemdanganya barua kumi na mbili, ya kumi na tatu ingenishinda nini? Ningesema niliisaini kwa bahati mbaya, wino, giza, karani mlevi, na angefungua, na mimi ningeingia nimevaa uso wa yule mpole, na mtoto angenionyesha ndege wake wa miguu myekundu. Lakini Mwanamvua alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango, na masikio yake nayajua. Angejua. Na nikisema kweli, yule wa barua anakufa sawasawa, hana wa kumfufua, na mimi ndiye nitakayebaki, mimi peke yangu, na sikuwa na hakika kama kuna mtu anayenihitaji.

"Kabla ya Jumatano," nikasema.

"Endelea."

"Tulikuwa tunarudi nyuma. Kikosi chote kilikuwa kimeshavuka kwa pantoni kuja upande wetu. Walibaki kumi na tisa ng'ambo, wamzuie adui mpaka sisi tujipange. Amri ilisema Jumatano saa sita mchana pantoni ikatwe kamba, isije ikachukuliwa."

"Na hao kumi na tisa?"

"Ningeweza kuwavusha Jumanne. Kulikuwa na nafasi. Nikaona wakivuka Jumanne, adui atakuwa ukingoni Jumanne. Nikawaacha."

"Waliambiwa?"

"Niliwaambia pantoni itarudi."

 Bi Tatu alikuwa ameacha kuchambua.

"Jumanne jioni nikamwita karani wa fomu," nikaendelea, kwa sababu kama ningesimama hapo nisingeanza tena. "Nikamwambia lete fomu za tanzia. Akauliza ngapi. Nikasema ishirini. Nikakaa nikazisaini zote, tupu, bila majina, ili Jumatano Ndekeja asipate taabu ya kunitafuta. Walikuwa wanapika uji ng'ambo, moto wao nauona. Nasaini na moto nauona."

"Kumi na tisa," Mwanamvua akasema. "Kwa nini ishirini?"

"Moja ya akiba. Kama wino utamwagika."

"Ukamwagika?"

"Haukumwagika."

Kuna jambo nilitaka kumweleza pale, nikashindwa kulipanga. Kwamba nilipoinua kalamu kutoka ile ya kumi na tisa, wale watu walikuwa wamekwisha kufa, ingawa walikuwa wanapuliza uji. Hakuna risasi iliyowafikia haraka kuliko saini yangu. Nilikuwa na mamlaka ambayo hata malaika hupewa kwa zamu, na nilikuwa nayo mezani, baina ya birika na kibiriti, na nilihisi usingizi. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu anaweza kufanya hivyo na bado akapiga miayo.

"Jumatano nikaikata kamba," nikasema. "Nilikata mwenyewe, sikumpa mtu. Koplo Lugome alikuwa amesimama ukingoni, akanipungia mkono. Alidhani tunaleta pantoni. Nikampungia na mimi. Baada ya hapo nikaanza kutembea, na sikusimama mpaka kwenye baraza hii. Ndekeja akanitafuta, hakuniona. Akajaza majina kumi na tisa, ikabaki fomu moja imesainiwa. Na kwetu kuna sheria, fomu iliyosainiwa hairudi ofisini tupu. Akaandika jina la mtu pekee aliyekuwa haonekani."

Basi. Nikawa nimesema. Nikatazama mikono yangu, nikaona ni mikono yangu, kwa mara ya kwanza tangu mahindi yale. Sikufurahi.

Mwanamvua hakulia. Aliuliza, "Huyo Lugome ana mke?"

"Anaye."

"Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Umemwandikia barua mwanamke hujui jina lake."

"Nilisaini tu. Majina aliandika Ndekeja."

"Umemwambia hakuteseka."

"Imechapwa. Ziko hivyo zote."

"Najua ziko hivyo. Nimeilalia miezi minne. Kila nikigeuka ubavu naisoma, hakuteseka, hakuteseka, ndiyo iliyonifanya nikaweza kumeza chakula." Sauti yake ikapanda hapo, kisha akaishusha, nadhani kwa ajili ya mtoto uani. "Wapo wengine kumi na tisa wanaomezea neno hilo hilo, na limetoka kwako."

Nikamwomba anisamehe. Nilisema neno hilo mara mbili, na si neno lililozoea mdomo wangu.

"Sikiliza," akasema. "Aliyeandika barua zile hakuwa wewe. Nilijua tangu ile ya jino. Lakini nilimpenda, mwenzangu, sikufichi. Nilikuwa mjane wake kwa raha kuliko nilivyokuwa mke wako. Nimebakiza siku kumi na moja za kumlilia. Niache nizimalize, nimtoe vizuri, asibaki ndani ya nyumba hii akichungulia."

"Halafu?"

"Halafu nitatoka eda, nitaoga, nitajifukiza. Siku ya kumi na mbili, ukitaka, uje na wazee wako unipose upya, nitazame kama nakutaka. Wewe sijakukubali na sijakukataa. Lakini usije na mikono mitupu."

"Nilete nini?"

"Kawapigie hodi wale kumi na tisa. Nyumba moja moja. Hayo uliyoniambia mimi, uwaambie na wao. Pantoni, na uji, na mkono alioupunga. Kila mmoja umwulize jina lake, uje unitajie yote bila kukosea hata moja."

Nikahesabu siku, nikahesabu nyumba, nikaona hazitoshani. Nikamwambia hivyo. Akasema kumbe bado unajua kuhesabu watu. Nikakaa nimeegemea mlango upande wangu na yeye upande wake, na mbao zile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilihisi akipumua.

"Na wasiponifungulia?" nikauliza.

"Mimi nimekufungulia?"

Nikalitazama komeo. Halikuwa limeguswa, na tulikuwa tumezungumza tangu adhuhuri.

"Nenda, Baba Sikudhani," akasema.

Nikainuka, nikamuaga shangazi, nikashika njia ya kwenda kwa mjane wa Lugome, ambaye jina lake lilikuwa bado halinijii.